Mwalimu na Mpaka wa Sitara
Somo kwa wazee na waalimu, kutokana na yaliyopita Nyeri na miji ya Mlima Kenya

 

Katika darasa zetu tumezoea kuzungumza juu ya haki ya mwalimu kwa mwanafunzi wake: amstahi, asimkatize maneno, amtumikie, na amwombee dua akiwa hai na akiwa maiti. Hayo ni mema, nasi hatuyatangui. Lakini masala haya yana upande wa pili, nao hutajwa kwa nadra: haki ya mwanafunzi kwa mwalimu, na haki iliyo baina ya mwalimu na mwalimu mwenziwe. Somo letu la leo ni juu ya upande huo. Na khasa juu ya swali moja ambalo waalimu wengi, wa skuli na wa vyuo vya Qur'ani, hulikwepa. Mwalimu akimjua mwenziwe kuwa anamdhulumu mwanafunzi, je, heshima ya kazi yamtaka anyamaze, au yamtaka aseme?

Kwa nini Nyeri?

Huenda msomaji wa Mombasa, wa Malindi au wa Lamu akauliza: sisi na Nyeri tuna nini? Jawabu ni kwamba tumefungamana nayo kuliko tudhanivyo. Tangu boma la Waingereza lilipowekwa Nyeri mwishoni mwa mwaka 1902, watu wa pwani walifika nchi ile kwa biashara na utumishi, na Waislamu wapo hata leo katika Nyeri, Murang'a, Embu, Meru na Nanyuki. Karibu na mji wa Nyeri kipo Chuo cha Ualimu cha Kagumo, ambacho hufunza waalimu wa skuli za sekondari; basi yule anayemsomesha mwanao hisabati Kilifi au Kwale, yamkini ualimu wake aliupata huko. Karatina, Chuka, Embu na Meru pana vyuo vikuu. Skuli za kitaifa za Nyeri, kama ile ya Kagumo, hupokea watoto wa kaunti zote, na wetu wamo. Tena mwaka 2018 Tume ya Kuajiri Waalimu, iitwayo TSC, ilipoanza mpango wa kuwapeleka waalimu mbali na kwao, mpango ambao baadaye ulilegezwa, wapo waliotoka pwani kwenda bara na waliotoka bara kuja pwani. Basi khabari ya mwalimu wa Nyeri ni khabari yetu.

Fauka ya hayo, miji ya mlima ule imepatwa na misiba ya skuli iliyoliliwa na nchi nzima. Wala hatuitaji kwa kuwacheka jirani zetu, maana msiba kama huo ulitufika sisi pia: mwezi Machi mwaka 1998, katika skuli ya wasichana ya Bombolulu, karibu na Mazeras, wasichana zaidi ya 20 walikufa kwa moto bwenini. Mwenye akili huzingatia yaliyomfika na yaliyomfika mwenziwe, asingoje kufunzwa mara mbili.

Misiba mitatu na mafunzo yake

Wa kwanza ni wa St. Kizito, huko Tigania, Meru. Usiku wa tarehe 13 Julai mwaka 1991 wavulana wa skuli ile waliokuwa wakigoma walilivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa kwa kusongamana na kukosa pumzi, na 71 walinajisiwa. Baada ya msiba, naibu wa mwalimu mkuu alinukuliwa na magazeti ya nchini na ya ng'ambo akisema kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana, bali walikusudia kuwanajisi tu.

Lizingatie, ndugu msomaji, hilo neno "tu". Mtu hasemi neno la namna hiyo kwa kuteleza ulimi siku moja. Huwa amekwisha kuizoea dhulma hata haioni tena kuwa ni dhulma. Tujiulize: msichana aliyekuwa akiingiwa na khofu wiki moja kabla ya usiku ule, angalimwendea nani kumshitakia? Hili ndilo funzo la kwanza. Wajibu wa kwanza wa mwalimu, kabla ya kufundisha herufi moja, ni kuwa mtu ambaye mtoto mwenye khofu aweza kumwendea.

Wa pili ni wa Skuli ya Sekondari ya Nyeri. Mwezi Mei mwaka 1999 baadhi ya wanafunzi waliwafungia viranja wanne chumbani mwao usiku, wakawamwagia petroli, wakawatia moto. Wote wanne wakafa. Miaka miwili baadaye, Machi 2001, wavulana 67 wakafa kwa moto katika skuli ya Kyanguli, Machakos, na Serikali ikaunda tume iliyoongozwa na Bibi Naomy Wangai kuchungua nidhamu na fujo za maskuli. Sisi hatusemi kwamba waalimu ndio waliowaua vijana wale wa Nyeri. Mwenye kuua ndiye muuaji, na sababu za jambo kama lile ni nyingi. Lakini twasema hivi: kiranja ni mwanafunzi, naye yuko chini ya amana ile ile. Mwalimu anayemkabidhi kiranja kazi ya kupeleleza, kushitaki na kuadhibu, kisha yeye akaenda kulala, amempa mtoto wa watu uadui ambao ulikuwa si wake. Haki ya mwanafunzi ni kuwa uzito wa mwalimu ubebwe na mwalimu.

Wa tatu ungali mbichi. Usiku wa tarehe 5 Septemba mwaka 2024 liliungua bweni la wavulana la skuli ya msingi ya Hillside Endarasha, huko Kieni, katika kaunti ya Nyeri. Ndani yake walilala wavulana zaidi ya 150, na watoto 21 wakafa. Kesho yake ilitangazwa kuwa watoto 70 hawajulikani walipo. Kwani wengine walikwisha kuchukuliwa na jamaa zao katika fadhaa ile, bila ya kuandikwa. Wazee wakashinda skulini, hawajui kama watoto wao ni hai au ni maiti.

Watu wengi hudhani kwamba daftari la majina ni kazi ya makarani, na kwamba akhlaki ni kitu kingine kilicho juu zaidi. Sivyo. Kumhesabu mtoto usiku na asubuhi, kujua nani amelala wapi, kuukagua mlango kama wafunguka, na kuandika nani amemchukua nani, hayo yote ni akhlaki ya ualimu. Amana haihifadhiwi kwa moyo mwema pekee. Huhifadhiwa kwa hesabu.

Haki nne za mwanafunzi

Haki ya kwanza ni juu ya ulimi. Bibi Wangari Maathai, aliyepata Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, na alisoma katika skuli ya watawa ya Mathari. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 2006 ameeleza jinsi mtoto aliyekutwa akisema lugha ya mama yake alivyovishwa kifungo cha aibu, na aliyekuwa nacho jioni akaadhibiwa. Mwenyewe ameshuhudia kwamba jambo hilo huwafunza watoto kuidharau lugha yao. Na bibi huyo huyo amewataja kwa shukrani watawa waliomsomesha, na mapenzi ya elimu ya sayansi aliyoyapata kwao. Basi mwanafunzi hubeba vyote viwili, wema na aibu, mpaka uzeeni. Mwalimu amwitaye mtoto "punda" mbele ya wenziwe asidhani kuwa neno limekwisha pale darasani.

Haki ya pili ni juu ya mkono. Serikali ya Kenya iliondoa ruhusa ya kuwapiga wanafunzi mwaka 2001. Na sheria ya elimu ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya mwili na pia mateso ya moyo, na mwenye kukhalifu aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Wako watakaosema: "Sisi tulipigwa, na tukasoma." Twawajibu: mlisoma kwa sababu mlikuwa na akili na mwalimu mwenye bidii. Na wale waliopigwa wakakimbia chuoni wasirudi tena hamwezi kuwasikia, kwani hawapo hapa kutoa ushahidi.

Haki ya tatu ni juu ya faragha. Sheria ya mwaka 2006 juu ya makosa ya zinaa imemwekea kifungo kisichopungua miaka 10 mwalimu anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi. Nayo imetaja mahali pa mafunzo parasmi na pasipo parasmi. Basi asidhani mtu kwamba chuo cha Qur'ani au darasa la barazani liko nje ya sheria hiyo. Wala si udhuru kusema kwamba mwanafunzi aliridhia. Maana ridhaa ya aliye chini, kwa yule aliyeshika alama zake, adhabu yake na barua yake ya sifa, si ridhaa. Kwa hivyo mwalimu mwenye murua huchunga hata njia za shubuha: hamwiti mwanafunzi nyumbani peke yake, hafungi mlango akizungumza naye, wala hampelekei maneno ya siri usiku kwa simu.

Haki ya nne ni juu ya mali na alama. Mwalimu anayeficha nusu ya somo darasani ili aiuze jioni kwa wenye uwezo amekula khiyana, hata akiita biashara yake masomo ya ziada. Na masomo ya kulazimishwa wakati wa likizo yamekatazwa na ile sheria ya mwaka 2013. Kadhalika mtoto wa tajiri na mtoto wa mchukuzi wana kalamu moja nyekundu.

Mwalimu na mwalimu mwenziwe

Sasa twaja kwenye shina la somo. Mwalimu ana haki kwa mwalimu mwenziwe. Asimtahayarishe mbele ya wanafunzi. Asiseme darasani, "Huyo aliyewafunza mwaka jana hakujua kitu." Amsaidie aliye mgeni katika kazi, amkaribishe aliyetoka mbali, awe Mkikuyu aliyekuja Lamu au Mswahili aliyekwenda Othaya, Muislamu au asiye Muislamu, asigeuze kabila au dini kuwa kipimo cha zamu na cha vyeo. Na akiona kasoro ya kawaida, kama kuchelewa au kusahihisha kwa uvivu, amnasihi kwa siri, kwani nasaha ya hadharani ni fedheha. Hapa ndipo penye sitara, na sitara hii ni wajibu.

Lakini sitara ina mpaka. Aibu ambayo mtu ameitenda baina yake na Mola wake twaamrishwa tuisitiri, tumwachie mlango wa toba. Ama madhara anayomfanyia mtu mwingine, na khasa mtoto, si aibu yake peke yake hata tuwe na mamlaka ya kuisitiri. Hiyo ni haki ya aliyedhulumiwa. Na mwenye kuificha hakumsitiri mtu, ila ameshiriki. Mtume ametufunza kuwa ndugu yetu anusuriwe anapodhulumiwa na anusuriwe anapodhulumu. Na nusura ya mwenye kudhulumu ni kumzuia mkono wake. Basi yule asemaye, "Simshitaki, ni mwenzangu," amekosea maana ya wenzi.

Serikali nayo imeliona hilo. Mwaka 2010 TSC ilitoa waraka wa kuwakinga wanafunzi: mwalimu yeyote apatae khabari ya mwanafunzi kunajisiwa au kuchezewa na mwalimu yapasa aitoe khabari hiyo kwa wenye mamlaka katika muda wa saa 24, na mwenye kuificha naye ana kosa la kuadhibiwa.

Twajua nyudhuru zinazotolewa. Wengine husema: "Tutamkatia riziki, naye ana watoto." Je, na huyo mtoto aliyeharibiwa hana riziki mbele yake? Wengine husema: "Hatuna ushahidi, na kumsingizia mtu ni dhambi kubwa." Hili ni neno la haki, na jawabu lake lafaa lizingatiwe. Kumsingizia mtu ni dhambi kubwa kweli, na mwalimu aliyetuhumiwa ana haki ya kusikizwa, asihukumiwe kwa uvumi. Lakini kutoa khabari si kuhukumu. Wewe husemi, "Fulani ametenda". Wasema, "Mtoto ameniambia hivi, siku hii, saa hii," kisha wawaachia wenye kazi ya kuchungua wachungue. Kwa njia hiyo aliyedhulumiwa hupata haki yake, na asiye na kosa husafishika.

Tazama sasa jinsi watu walivyoligeuza jambo hili. Katika chumba cha waalimu, penye chai, kila mmoja anajua, na kila mmoja ananong'ona, na jina la mtu laliwa kama andazi. Na huko ndiko kusengenya kulikokatazwa. Mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya polisi na mbele ya tume, ambako kusema ni wajibu, wote huwa bubu. Husema panapopasa kunyamaza, na hunyamaza panapopasa kusema. Laiti wangalibadilisha mahali pa maneno yao, wasingaliongeza neno hata moja, na mtoto angaliokoka.

Kumhamisha si kumzuia

Iko njia moja ambayo wakuu wengi huiona kuwa ni ya hekima: mwalimu aliyetuhumiwa huhamishwa kimya kimya mji mwingine. Mwaka 2015, katika kesi ya wasichana wawili wa skuli moja ya kaunti ya Nakuru, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliihukumu TSC na Serikali kuwa nao wana dhima pamoja na mwalimu aliyewanajisi, na wasichana wale wakaamriwa kulipwa shilingi milioni 5 kwa jumla. Jaji alieleza kwamba haitoshi kuwazungusha watu wa namna hiyo kutoka skuli hii hadi nyingine. Hukumu hiyo yawahusu waalimu wa Nyeri, wa Meru na wa Mombasa sawasawa.

Wala tusiwahesabie wenye skuli peke yao. Katika miji yetu pia imepata kutokea muallim wa chuo akatiliwa shaka. Wazee wakakaa baada ya sala ya isha, wakampa nauli, akaondoka alfajiri. Mji ukapumua. Na mji aliofikia ukampokea kwa takrima, haujui kitu. Tuliouondolea moto nyumba yetu, tumeutupa juu ya paa la jirani, na ndani ya nyumba hiyo wamelala watoto wa Kiislamu kama wetu.

La kufanya

Tusiishie kusikitika. Twawaomba wazee, wasimamizi wa vyuo na waalimu wayatende mambo matano.

Kwanza, kila chuo na kila skuli kiwatangazie watoto, kwa maneno mepesi, watu wawili wa kuwaendea wakiwa na khofu, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke.

Pili, kila mahali wanapolala watoto pawe na daftari la majina, na mtu mzima aliye macho, na mlango unaofunguka kutoka ndani.

Tatu, kiranja asipewe fimbo wala upelelezi.

Nne, muallim mgeni asipokewe mpaka mji aliotoka uulizwe sababu ya kuondoka kwake. Na mji unaoulizwa useme kweli.

Tano, mzee ambaye mtoto wake amemwambia jambo zito asimpige kwa kusema kwake. Mtoto aliyepigwa kwa kusema kweli mara moja hatasema mara ya pili.

Maswali ya darasa

Wanadarasa wazungumze haya Ijumaa ijayo. Je, ni ipi tofauti baina ya kusengenya na kutoa khabari? Ni aibu gani za mwalimu tunazopaswa kuzisitiri, na zipi hatuna ruhusa? Na mtoto wa mtaa wetu, akiwa na jambo la kusema leo usiku, atamwendea nani? Asiyeweza kulijibu swali hili la mwisho kwa jina la mtu, na aanze nalo kabla ya mengine.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waliopo na awarehemu waliotangulia, awape subira wazee wao wa Endarasha, Nyeri, Tigania na Bombolulu, na atujaalie waalimu ambao amana haipotei mikononi mwao. Amin.